Jumamosi moja na bendi yetu, Moshi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Adhana ya Majengo inaisha nikiwa tayari nimekaa kitandani, gitaa mapajani. Uzi wa pili ulikatika Alhamisi mazoezini, nabadilisha sasa kimyakimya bila kuchomeka kokote, majirani bado wamelala. Ni mwezi wa saba na baridi ya Moshi mnaijua. Vidole vinachelewa kulainika.

Siku nyingine mimi ni fundi cherehani. Mpiga gitaa la solo wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mpiga besi anaendesha bajaji, mpiga tumba anachonga vitanda, na dada anayeimba anauza nguo za mitumba soko la Memorial. Jumamosi moja kila mwezi tunapiga kwenye makazi ya wazee. Hatulipwi. Kila mmoja anatoa elfu tano, inapatikana elfu ishirini na tano ya kukodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, safari inakuwa imekamilika.

Saa mbili na nusu

Tunafika. Vyombo vinabaki kwenye gari kwanza. Tunazunguka kuamkia, mkono kwa mkono, mzee mmojammoja. Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Marahaba, na papo hapo swali: wewe ni wa wapi? Ukisema Kibosho, utaulizwa Kibosho ipi, na baba yako ni nani. Ukisema umezaliwa Tanga utaulizwa ulifuata nini huku. Tunajibu yote, hakuna kuruka. Nusu saa nzima inakwenda hapo, na kwangu hiyo ni sehemu ya muziki. Mtu akishajua wewe ni mtoto wa nani, anakuimbisha.

Muuguzi ananinong'oneza habari za leo: babu aliyekuwa fundi reli anasikia sikio la kulia tu, na mabibi wawili wa chumba cha mwisho hawawezi kutoka kitandani. Babu tunamhamisha, bendi iwe upande wake wa kulia, sikio lake zima litutazame.

Saa tatu na nusu

Vyombo. Hapa nataka niseme jambo, maana nimeona vikundi vingine vikifanya kosa tulilofanya sisi mwaka wetu wa kwanza. Tulikuja na spika mbili kubwa, tukafungulia kama tuko ukumbini. Wazee walikaa kwa adabu wakitazama chini, mmoja akaziba masikio kwa kanga. Nilidhani hawapendi dansi. Muuguzi ndiye aliyenifungua: mzee anaposikia vibaya, dawa si kuongeza sauti. Sauti nyembamba za juu ndizo zinazopotea kwanza, na ile kubwa inayobaki inamuumiza. Siku hizi spika ni moja, ndogo, iko chini. Solo tumeipunguzia ukali, dada anaimba karibu nao wamwone midomo, tumba anapiga kwa viganja vilivyolegea.

Tena tunaanza saa nne, baada ya chai na kabla ya chakula. Alasiri wengi wanasinzia, na jioni baadhi yao wanachanganyikiwa na kuulizia nyumbani.

Saa nne

Kosa la pili lilikuwa nyimbo. Tulisema "zilipendwa" tukapiga za miaka ya 80, zile walizocheza baba zetu. Lakini hesabu yake ni rahisi. Mwenye miaka 85 leo alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi usiku ule wa Desemba 1961, Mwenge wa Uhuru ulipopandishwa Kibo. Muziki uliomkuta akiwa na miguu mepesi ni wa bendi za wakati ule: wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, wa Dar es Salaam Jazz, wa Kilwa Jazz na Western Jazz. Hata Mbaraka Mwinshehe, kwa baadhi yao, ni kijana aliyekuja baadaye. Siku tuliyorudi nyuma hadi hapo, nilimwona bibi mmoja aliyesahau majina ya wanawe akiimba beti tatu bila kukosea.

Leo tunafungua na rumba ya polepole. Tumeishusha, kwa sababu koo la uzeeni halipandi tena lilikokuwa likipanda, na ukipiga kwa ufunguo wa kwenye santuri unawaacha njiani. Wimbo wa pili babu wa reli anagonga fimbo sakafuni. Wa tatu, bibi wengine wawili wanasimama, wameshikana viwiko, wanacheza hapohapo walipo bila kuhama. Chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha, tunairefusha kidogo tu, kifua kisichoke.

Dakika arobaini na tano, basi. Wakiomba zaidi tunaongeza mmoja.

Saa tano na robo

Chumba cha mwisho. Hapa ninaingia na galatoni, gitaa kavu lisilo na spika, pamoja na dada tu. Kwa miezi mingi tulikuwa tunakunja waya na kuondoka bila kufika chumba hiki, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kupitia ukutani walikuwa wanatusikia.

Bibi wa dirishani hasemi. Muuguzi anasema hajasema tangu mwezi wa tano. Ninapiga ridhimu taratibu, dada anaimba kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Macho ya bibi yako darini. Kisha naona vidole vyake juu ya blanketi: mapigo matatu, halafu mawili. Matatu, mawili. Ni mdundo wa vijiti vya rumba ya Kuba, ule ulioingia kwetu na zile santuri zilizoandikwa GV, na anaushika sawasawa. Mpiga tumba yuko mlangoni. Ameuona. Anamjibu kwa kucha kwenye fremu ya mlango, polepole, na wanakwenda hivyo wawili wao mpaka mimi nanyamazisha gitaa nisiwaingilie.

Saa saba hadi kumi

Mtori kwa mama ntilie, kirikuu, mjini. Nakaa kwenye cherehani. Sare za shule kumi na mbili zinasubiri.

Saa kumi na moja jioni

Mazoezi, uani kwa mwalimu. Babu wa reli ameagiza wimbo ambao hatuujui, na jina halikumbuki. Kwa ruhusa yake, dada alirekodi kwenye simu akiuimba: mistari miwili, kisha mluzi, kisha kikohozi. Tunausikiliza mara tano. Mwalimu anatafuta kwenye solo, anapata, anakunja uso. Babu ameimba chini kidogo kuliko gitaa.

"Tumwombe aurudie?" anauliza mpiga besi.

Hapana. Tunalegeza nyuzi zote mpaka zimkute alipo.