Ngozi ya kuku ilivyonisaidia kupunguza wanga

Nilipoamua kupunguza wanga, nilianza kwa kuitilia shaka ile amri ya zamani kwamba kuku aliwe bila ngozi. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba mkono ulimenya wenyewe. Lakini ukishaondoa wanga kwenye sahani, halafu ukaondoa na mafuta, kinachobaki ni kidari cheupe na mboga za majani. Nilikula hivyo kwa muda. Tumbo linajaa kweli, ila ikifika alasiri njaa inarudi na hasira zake, na usiku unajikuta umefungua friji hujui hata unatafuta nini.

Hesabu yenyewe iko wazi. Gramu 100 za kidari kilichookwa bila ngozi zina kalori 165 hivi: protini gramu 31, mafuta hata gramu 4 hayafiki, wanga hakuna. Mwili huchukua nguvu zake za kila siku hasa kwenye wanga na mafuta. Mimi nilikuwa nimevipunguza vyote kwa mpigo, kisha nashangaa kwa nini nachoka.

Ngozi haina wanga kabisa. Gramu 100 za ngozi iliyookwa zina mafuta kama gramu 41 na protini kama 20, kalori 450 na ushee. Namba hiyo inatisha ukiisoma harakaharaka, lakini nani anakula gramu 100 za ngozi kwa mlo mmoja? Niliweka mizani jikoni nikaanza kupima: ngozi ya paja moja ikishaiva haikuwa inazidi gramu 20. Hizo ni kalori 90 tu, chini ya zile za kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, ambacho kina 120 na haushibi kwa kukinywa. Hapo ndipo nilipotulia: ngozi ndiyo mafuta ya mlo wangu. Ikiwepo, sikaangi kwa mafuta mengine, wala simwagi kitu juu ya mboga.

Kuhusu ubora wa mafuta hayo, wengi hudhani ngozi yote ni mafuta mabaya. Sivyo. Karibu theluthi moja ndiyo mafuta yaliyoshiba, yale yanayoitwa mabaya. Sehemu kubwa inayobaki haijashiba, na asidi ya mafuta inayoongoza humo ni oleiki, ileile inayosifiwa kwenye mafuta ya zeituni. Sisemi ngozi ni dawa. Nasema haistahili sifa mbaya ilizobeba miaka yote.

Sasa kupika, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika au kutengenea. Ngozi mbichi ni maji karibu nusu ya uzito wake, na maji ndiyo adui. Ngozi yenye maji haikauki, inachemka, inabaki kama mpira. Kwa hiyo nafuta mapaja kwa tishu za jikoni mpaka tishu itoke kavu, napaka chumvi pande zote, nayaweka kwenye friji bila kuyafunika, chini kabisa yasidondokee vyakula vingine, usiku kucha. Asubuhi ngozi imebana, imekuwa na rangi ya kungʼaa kidogo, ukiigusa haikunati kidoleni. Simuoshi kuku kwenye sinki. Maji yanarusha vijidudu kila mahali, na moto utaviua vyenyewe.

Kikaangio nakiweka jikoni kikiwa cha baridi. Hilo nalisisitiza. Nalaza mapaja ngozi ikiwa chini, bila tone la mafuta, ndipo nawasha moto wa wastani. Mwanzoni kimya. Kisha mafuta yanaanza kujitoa polepole pembeni, yanatambaa chini ya nyama, na sauti inaanza: kwanza ya majimaji, ya kutapatapa, baadaye inakuwa nyembamba na ya haraka. Sauti ikibadilika hivyo jua maji yameisha na ngozi imeanza kuwa rangi ya kahawia. Ukianza na kikaangio cha moto, ngozi inakakamaa na kuungua juu huku mafuta yamenaswa ndani. Na usiipindue mapema! Ikiwa imeng'ang'ania chuma, bado. Ikiwa tayari inaachia yenyewe. Nageuza mara moja tu, namalizia upande wa nyama mpaka katikati ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Mapaja hata yakipita hapo hayaharibiki, tofauti na kidari ambacho kikizidi kidogo tu kinakuwa kama kamba.

Mafuta yaliyobaki kwenye kikaangio nakaangia kabichi papo hapo. Yakizidi nayachuja, nayatia kwenye chupa na kuyaweka kwenye friji. Lakini nayahesabu nayo. Yametoka kwenye ngozi, hayajatoweka.

Kinachoharibu dayati si ngozi, ni vinavyopakwa juu yake. Kuku wa kuvingirishwa kwenye unga ni wanga uliovaa ngozi. Sosi tamu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani: kijiko cha chakula cha asali kina wanga kama gramu 17, cha sukari gramu 12 na zaidi, na mtu anayekula wanga gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima hawezi kumudu vijiko viwili vya sosi bila kujua. Siku hizi kuku aliyeungwa tayari simnunui kabla sijasoma karatasi yake nyuma. Chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na limao vinanitosha.

Dada yangu alinikuta natafuna ngozi ya mwisho akacheka: “Kaka, si ulisema uko kwenye dayati?” Nikamwambia hii ndiyo dayati yenyewe. Hakuamini, ila alichukua kipande.

Mipaka ninayo. Ngozi naila ikiwa juu ya paja, ndani ya mlo. Sikaangi rundo la ngozi tupu la kutafuna huku natazama televisheni, kwa sababu hapo zile gramu 100 nilizozicheka zinafikika bila jasho, na uzito unaacha kushuka. Wanga ukiwa sifuri haimaanishi kalori ni sifuri. Siku nikila jibini au parachichi, nachukua kidari bila ngozi na sijisikii nimenyimwa.

Jambo jingine ni lehemu, yaani kolesteroli ya kwenye damu. Wapo ambao wakipunguza wanga na kuongeza mafuta, ile lehemu mbaya ya LDL inawapanda sana, na hakuna namna ya kujijua ila kupima. Nilipima kabla, nikarudia baada ya miezi kadhaa. Yangu haikusogea kwa maana. Ingepanda, ngozi ingekuwa ya kwanza kupunguzwa. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla kabla ya kuongea na daktari wake, maana dozi ileile ikikutana na wanga kidogo inaweza kumshusha sukari kupita kiasi.

Kwenye mchuzi ngozi bado imenishinda kuipenda. Inalegea na kuelea. Basi kuku wa mchuzi namvua ngozi kabla ya kumpika, naikata vipande vidogo, naikausha kwenye oveni juu ya wavu, chini nimeweka trei ya kukinga mafuta. Mchuzi ukishapakuliwa nainyunyiza juu mezani, dakika ileile ya kula, kwa sababu ikikaa kwenye mvuke hata kidogo imeshalegea tena.