Siku moja maishani mwangu: koma moja, kilo 84 za asali

Saa 12 asubuhi naamka, nafagia uwanja chini ya mwembe, nakunywa chai na matobolwa. Saa 2 kasoro niko kwenye bodaboda, natoka Isevya kwenda kwenye fremu yangu karibu na soko, hapa Tabora mjini.

Majirani wanajua nafanya kazi "ya kompyuta", na wengi wanadhani ni kuchapa barua na kutoa kopi. Kopi natoa, maana ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Ila kazi ninayoipenda ni nyingine. Vyama vya wakulima na wafuga nyuki wananiletea majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu, koma zikitenganisha kila kitu, nami naandika programu fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inayoyageuza kuwa arei, yaani orodha ndani ya orodha, ambayo kompyuta inaweza kuijumlisha na kuikagua.

Saa 3: vyeti, barua za maombi, mtoto wa shule anataka picha ya twiga.

Saa 4 anaingia karani wa chama kimoja cha wafuga nyuki, mtu mzima wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Nina kakazi ka dakika tano tu. Saa 9 faili liwe benki, watu walipwe."

Kwenye flashi yake mna faili nne, kila moja limeandikwa na mtu wake. Moja limetenganishwa kwa koma, la pili kwa nukta mkato, la tatu kwa kitufe cha Tab. La nne linaonekana safi, lakini programu inakataa kuitambua safu ya kwanza. Hilo nalijua: mwanzoni mwa faili kuna baiti tatu, vipande vidogo vya data, zisizoonekana, zimegandana na neno "namba". Nasoma upya kwa utf-8-sig, namna ya kusoma inayoziruka baiti hizo, zinaondoka.

Tazameni mstari mmoja tu:

112,"Ipole, Sikonge",3,84,07…

Ni namba ya mwanachama, mahali, ndoo, kilo, simu. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kama kilo 28, kwa hiyo ndoo 3 ni kilo 84. Anayeanza kazi hii ataukata mstari kwa split, amri ya Python ya kukata maandishi, kila penye koma. Koma iliyo kati ya Ipole na Sikonge nayo itakatwa, vipande vitakuwa sita badala ya vitano, na kila kitu kitasogea hatua moja. Tunahesabu kuanzia 0, kwa hiyo kilo zinakaa nafasi ya 3. Sasa nafasi hiyo imekaliwa na ndoo. Mtu aliyepanda mitini usiku, akaumwa na nyuki, akaleta kilo 84, atalipwa kilo 3. Na programu haitalalamika hata kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nililifanya kosa hilo. Mama mmoja alirudi na risiti ameikunja kwenye kanga, hakusema neno, akaiweka mezani. Tangu siku hiyo natumia csv.reader, zana ya Python ya kusoma majedwali ya namna hii, ambayo inajua kwamba koma iliyo ndani ya alama za nukuu ni sehemu ya neno. Python inayo tangu 2003, na desturi yenyewe iliandikwa rasmi 2005 katika waraka uitwao RFC 4180. Baada ya kusoma nahesabu vipande vya kila mstari. Visipokuwa vitano, nasimama. Kisha ndoo mara 28, nalinganisha na kilo. Mstari uliopishana sana naufungulia daftari la mzani.

Saa 6 umeme unakatika. Betri ya laptopu yangu inahimili dakika arobaini. Karani amekaa kwenye stuli nyuma yangu, kila baada ya muda anauliza, "Bado tu?" Saa 7 na robo namkabidhi faili moja safi, jumla ya kilo ikilingana na ya daftari. Anashukuru, anaondoka. Sijala.

Kumbe kapitia mahali kulifungua kwenye Excel, "kuliangalia tu", akahifadhi. Anarudi akitweta, sauti juu, wateja wote wanageuka.

"Binti, namba zako mbovu! Benki wamezikataa!"

Nalifungua. Simu zote zilizoanza na 07 zimepoteza sifuri, kwa sababu Excel imezichukulia kuwa hesabu, na sifuri ya mbele kwenye hesabu haina kazi. Hizo zinaponyeka. Zilizoanza na 255 zimegeuka 2.55E+11, namna ya Excel ya kufupisha namba ndefu, na kwa kuwa amehifadhi hivyo, tarakimu zimepotea kabisa. Hakuna programu ya kuzirudisha. Nilitamani kulia, si kwa hasira, ni uchovu. Lakini kabla ya kugusa faili la mtu yeyote huwa natunza nakala ya asili. Nikaanza upya kutoka pale, yeye akiwa amesimama safari hii, amenyamaza. Mara ukurasa wa kopi, mara mtu wa picha ya pasipoti, mara umeme tena. Sikuangalia saa.

Nilimpa mafaili mawili: la kuangalia na la benki. Lile la benki nikaliweka kwenye flashi yangu, nikabandika karatasi: USIFUNGUE. Akaisoma, akaichukua kwa mikono miwili.

"Samahani mwanangu. Nilidhani ni kuchapa tu."

Giza lilikuwa limeshaingia nilipopigiwa kwamba benki wamelipokea, wafuga nyuki watalipwa kesho asubuhi. Mwanachama namba 112, kilo 84. Nikafunga fremu, nikaenda kutafuta chakula.