Safu ya Mwisho

Kitinda mimba wangu alikuwa mezani jana na kazi ya shule: taja vitu vinne vinavyoua watu nchini. Akaandika malaria, kifua kikuu, ajali za barabarani. Kisha akainua kichwa.

"Mama, risasi nayo huandikwa pamoja na magonjwa?"

Nikajifanya naangalia sufuria.

Kisumu, usiku ule matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, Desemba 2007. Barabara zilifungwa, wauguzi wenzangu wa zamu wakakwama mtaani Nyalenda. Gozi za kufungia vidonda zilipoisha tulichana mashuka. Mengine tuyaache.

Ila yule kijana. Aliletwa kwa mkokoteni, mama yake akisukuma. Nilipopasua suruali nikaona tundu nyuma ya paja, dogo, ungedhani kachomwa na sigara. Mbele ndiko kulikofumuka. Huhitaji kusomea udaktari kujua alikuwa ameelekea wapi. Mshipa wa kifundoni ulikuwa bado unapiga, nikashukuru, nikavuta rejista. Jina, umri, mtaa, saa. Safu ya mwisho: chanzo cha jeraha. Mama akaushika mkono wangu wa kalamu, vidole vyake vikinata damu.

"Sista, usiandike risasi. Watasema alikuwa anapora duka."

"Sasa niandike nini, mama?"

"Mabati. Andika alikatwa na mabati."

Nikalitazama lile tundu. Nikamtazama yeye. Nikaandika mabati, tena kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwaka uliofuata Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za uchaguzi ule, ilihesabu, na karatasi za hospitali zilikuwa sehemu ya ushahidi wake. Waliokufa 1,133, kati yao 405 kwa risasi. Majeruhi nao wana hesabu yao. Kila nikiisoma namtafuta wangu, ingawa najua nilimweka wapi. Serikali haitengi pesa kwa tatizo ambalo halimo kwenye rejista, na mimi nililipunguza kwa mtu mmoja. Kwa upande mwingine, kijana alikaa wodini wiki tatu na hakuna aliyekuja kumuulizia. Sijui wauguzi wangapi usiku ule walishikwa mkono.

Mama yake aliniletea omena, gorogoro mbili. Nilizila.

"Mama! Niandike ama nisiandike?"

Nikamwambia amuulize mwalimu.