Tundu la Upanga Kyoto

Treni ya kasi kutoka Tokyo hadi Kyoto, Japani, ilinila takriban yeni 14,000, na chumba nilichopata huko hakikuwa hata na pa kufungulia sanduku. Bahati yangu ilikuwa tarehe 21, siku ambayo kila mwezi hekalu la Toji hugeuka soko la vitu vikuukuu kwa kumkumbuka mtawa Kobo Daishi.

Mezani kwa mzee mmoja palikuwa na vibamba vya chuma vilivyotobolewa korongo, mawimbi na maua. Hizo ndizo tsuba, kinga ya mkono ikaayo kati ya mpini wa upanga na bapa lake. Kadhaa zilitiwa pini nyuma, mwanamke abandike kifuani. Moja ilikatwa ukingo ikawa bizimu la mkanda. Moyo uliniuma. Chuma kilichokinga vidole vya samurai kishikilie suruali!

Mwenyeji wangu, kijana wa Moshi anayesoma huko, akamfikishia mzee uchungu wangu. Mzee aliokota tsuba moja, akaweka ukucha kwenye tundu la katikati. Juu na chini mlikuwa na vijipande vya shaba nyekundu, na kandokando alama za patasi.

"Kaka, anasema kila ilipohamishiwa upanga mwingine, tundu lilirekebishwa likubane."

Kumbe kuhama ndiyo desturi yake. Mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji wa Japani ilipokataza raia kubeba panga hadharani, mafundi walikosa kazi, wengine wakageukia vasi na vijisanduku vya kuuza Ulaya na Marekani. Kano Natsuo, bingwa wa mapambo ya panga, alikwishaitwa kuchora sarafu mpya za serikali. Hata mipini ya visu vidogo vilivyokaa ubavuni mwa ala ilipachikwa visu vya mezani vya Wazungu.

Kwetu Unguja nimeona milango ya nakshi iking'olewa, njumu zikichomolewa, mbao zikikatwa meza za hoteli. Mlango huo haurudi. Pini ya tsuba hubanduliwa, na kesho tsuba ikapata upanga. Kwa hiyo pini nazikubali. Lile bizimu lililokatwa silikubali hata leo.

Ile yenye shaba mzee alitaka yeni 18,000. Tulivutana mpaka mchana, akashuka hadi 15,000. Ghali mno, lakini nililipa.