Siku yangu moja Mtwara: kuandaa watu kwa IELTS kuanzia a, e, i

Saa 11 na nusu alfajiri

Maji ya chai yako jikoni, simu iko sikioni. Kundi letu la WhatsApp ni la wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na lina sheria moja: kabla ya kulala, kila mwanafunzi anarekodi sauti ya dakika moja kwa Kiingereza akieleza siku yake ilivyokwenda. Mimi nazisikiliza alfajiri. Hairuhusiwi kusoma ulichoandika, na anayesoma namjua tu, maana hasiti hata mara moja na sauti imenyooka kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Leo dada anayeuza vitenge Soko Kuu amesimulia habari za mumewe vizuri kabisa, kaenda wapi, kala nini, ila mume huyo ni "she" tangu mwanzo hadi mwisho. Simcheki. Maisha yake yote hajawahi kulazimika kuchagua kati ya "he" na "she"; kwetu wote ni "yeye". Narudia sentensi zake mbili kwa sauti yangu, namtumia, nahamia kwa mwingine. Makosa mengine nayaona nayaacha. Ukimsahihishia mtu kila kitu, kesho harekodi.

Saa 2 asubuhi

Darasa ni chumba cha kupanga nyuma ya steshenari, Chikongola. Ubao, mabenchi, na feni inayozunguka ikijisikia. Asubuhi ni zamu ya wanaoanza, na hapa inabidi nieleze anayeanza wa kwetu ni nani, kwa sababu vitabu vinavyoletwa kutoka Uingereza havimjui. Si mtu asiyejua neno. Amesoma msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, akakaa miaka minne ananakili ubaoni. Anaweza kukuandikia "photosynthesis" bila kukosea herufi. Mgeni akimuuliza "How long have you lived here?" anabaki kumtazama. Maneno anayo, ila hayajawahi kupita mdomoni. Nikimpa kitabu cha "hiki ni kiti, ile ni meza" anaona namdharau, na nikimpa karatasi ya mtihani anazama. Kazi yangu iko hapo katikati.

Leo tumefanya herufi. Ndiyo, herufi, na watu wazima wenye watoto. Jaribio la kusikiliza la IELTS lina sehemu 4 na maswali 40, na sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya kawaida ya watu wawili: mtu anapanga chumba, anajiandikisha kozi, anaulizia safari. Humo mara nyingi kuna jina linalotajwa herufi moja moja, namba ya simu, tarehe, bei. Ndizo alama rahisi kuliko zote, na tahajia ikikosewa alama imekwenda.

Nimewatajia ukoo wa herufi nne, Reid. Kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza unasikika "aa, ii, ai, dii". Kijana wa bajaji aliyekaa mbele ameandika A, halafu I, halafu kaweka alama ya kuuliza, halafu D. Kwa masikio yetu yuko sahihi kabisa, kasoro ile "ai" iliyomshinda. Wenzake wakacheka, naye akacheka kuliko wao. Nikafuta ubao, nikaandika tano tu: A, E, I, R na G. Hizo ndizo zinazotuponza. Kisha nikaacha majina ya kizungu, kila mtu akamtajia jirani yake jina la mahali anapopajua, kwa herufi za Kiingereza, bila kuonyesha daftari: Naliendele, Msimbati, Mikindani, Nanguruwe. "Em, es, ai, em, bii, ei, tii, ai." Baada ya nusu saa chumba kizima kilikuwa kelele, na kijana wa bajaji alikuwa anamsahihisha mwenzake.

Namba tumezigusa kidogo. "Double four" bado inawachanganya, na "thirteen" na "thirty" ni vita ya wiki nzima.

Saa 4 asubuhi

Mama wa ming'oko amepita na beseni lake. Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya porini inayochemshwa, unaimenya kwa vidole na kuchovya kwenye chumvi ya pilipili. Mimi nikiianza sisikii la mtu.

Kabla sijamaliza ameingia mzee mmoja na mpwa wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea huyu bwana mdogo. Anataka kwenda kusoma nje, chuo kinataka bendi sita. Tumepanga afanye mtihani Januari. Utamweza?"

Nikamwuliza kijana maswali matatu kwa Kiingereza, la mwisho likiwa jina lake. Yote matatu amejibu "Yes".

Mazungumzo haya nayafanya mara nyingi na sijapata njia ya kuyafanya matamu. Nikamwambia mzee kwamba kuna ngazi za lugha zinazotumika duniani, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2. Cambridge, ambao ni miongoni mwa wenye mtihani huu, wanakadiria kwamba kufika A2 kunahitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa, B1 saa 350 hadi 400, na B2 saa 500 hadi 600. Bendi sita iko kwenye B2. Darasa langu ni saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, yaani kama saa 40 kwa mwezi. Mzee akahesabu mwenyewe kwa vidole, akafika mwaka mmoja na ushee, akanyamaza.

"Kuna mtu Dar ameniahidi miezi miwili."

"Mzee wangu, miezi miwili inamtosha ambaye Kiingereza anacho na anakosa kuujua mtihani. Huyu ni kinyume chake."

Nikamweleza pia kwamba IELTS haina kufaulu wala kufeli. Unapewa bendi, 0 hadi 9 pamoja na nusu zake, na chuo ndicho kinachosema kinataka ngapi. Kijana akienda Januari atarudi na bendi tatu, na ada ya laki kadhaa itakuwa imenunua karatasi ya kuthibitisha kwamba hajui. Halafu matokeo yenyewe kwa kawaida yanakubalika kwa miaka 2 tu, kwa hiyo hakuna faida ya kuwahi. Mzee hakufurahi, lakini kijana amebaki. Ataanza kesho na kundi la herufi.

Saa 6 mchana

Siku hizi mtihani unafanyika zaidi kwenye kompyuta, na hilo limeniongezea somo ambalo si la Kiingereza. Mwenye steshenari ananikodishia kompyuta zake mbili saa za mchana, wateja wa kopi wanapopungua. Jaribio la kuandika lina saa 1 na kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250, na hii ya pili ina uzito maradufu. Mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja hafiki hata akiwa na mawazo mazuri. Basi wanachapa. Sentensi tano kila siku, kuhusu jambo lolote, muda ukihesabiwa.

Nina msimamo wangu hapa ambao walimu wenzangu hawaupendi. Wengi wanawapa wanafunzi insha zilizokwisha kuandikwa, wakariri mwanzo na mwisho wake: "In this modern era of globalization..." Mtahini ameiona sentensi hiyo mpaka imemchosha, na maneno ya kukariri hayamwongezei mtu alama. Mbaya zaidi, mwanafunzi anayeanza akishakariri aya tano anaamini anajua kuandika. Ninataka sentensi tano mbovu za kwake. Leo mmoja ameandika kuhusu mbuzi wa jirani aliyekula daftari lake, na nyakati zote za vitenzi zilikuwa zimevurugika, lakini nilielewa mbuzi alifanya nini.

Saa 8 mchana

Nyumbani, samaki na ugali wa muhogo, usingizi kidogo. Joto la Oktoba halina mjadala.

Simu mbili za ada. Msimu wa korosho umeanza, na darasa langu linalipa kwa kufuata minada: fedha ya chama cha msingi ikiingia, madeni ya tangu Julai yanaisha kwa wiki moja. Hela za kodi ya chumba nazipanga kwa kujua hilo.

Saa 10 jioni

Kundi la pili, hawa wameshakaa nami zaidi ya mwaka. Leo ni kusikiliza, na umeme umekatika saa hiyo hiyo. Spika yangu ina chaji, tunaendelea kwenye joto, madirisha wazi, bodaboda zinapita. Siwahurumii. Siku ya mtihani sauti inachezwa mara moja tu, hakuna "rudisha nyuma kidogo, ticha". Anayezoea kusikia mara mbili darasani atalia siku yenyewe.

Lililowaangusha leo ni saa. Mazungumzo yalikuwa ya kituo cha michezo, mhudumu anasema bwawa linafunguliwa "half past nine". Watatu wameandika tatu na nusu. Walichosikia walikielewa sawasawa, ila kichwa kikageuza kuwa saa yetu kabla mkono haujaandika. Mwingine ameandika 9:30 jioni. Dawa yake ni simu: tangu leo kundi hili lote linaweka saa ya simu kwa Kiingereza, na mtu akiniuliza darasani linaisha saa ngapi namjibu kwa Kiingereza vilevile.

Halafu maelekezo. Swali likisema usizidishe maneno mawili, ukaandika matatu, huna alama hata kama jibu lako limo ndani yake. Ninawafanya wasome maelekezo kwa sauti kila mara, mpaka wanachoka na mimi.

Saa 12 jioni

Muuguzi anakuja peke yake akitoka zamu, sare bado imo kwenye begi. Huyu ndiye aliyetangulia wote. Alianza na zile a, e, i za asubuhi, na sasa anatafuta kwenda kufanya kazi Uingereza. Baraza la wauguzi na wakunga la huko, NMC, linataka bendi 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Si mchezo. Leo tunafanya kuzungumza.

Jaribio hili ni la ana kwa ana na mtahini, dakika 11 hadi 14, sehemu tatu. Ya pili ndiyo inayotisha: unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea peke yako hadi dakika 2. Nimempa kadi ya mahali pa kihistoria. Akaanza na Big Ben, ambayo hajaiona, kwa sentensi alizozitoa YouTube. Nikamsimamisha.

"Dada, kwenu si Mikindani?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi tupeleke Mikindani."

Mwanzoni alisitasita. Kisha ikaja boma la Wajerumani lililojengwa 1895, ikaja habari kwamba Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866, na ikaja bibi yake aliyekuwa anauza samaki chini ya boma hilo hilo na kuwaambia watalii bei tofauti. Dakika mbili zikapita akiwa bado na la kusema. Alichanganya L na R mara kadhaa, lafudhi yetu ile ya kusini. Nilimwacha. Mtahini anapima vitu vinne kwa uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi, na kwenye matamshi anachotaka ni kueleweka bila taabu. Lafudhi ya Mmakonde haina kosa ikiwa anaeleweka, na hili nalirudia kwa sababu kuna watu wanatumia miezi wakijifunza kuongea kwa puani.

Vitenzi vyake vya wakati uliopita, hivyo sikumwacha navyo. Amerudia hadithi ya bibi mara tatu.

Saa 3 usiku

Mwanafunzi mmoja anafanya mtihani Dar es Salaam Jumamosi na kesho anasafiri. Ingekuwa kwa mapenzi yake angeondoka Ijumaa. Tangu kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga mwezi Mei 2024, sikubali mtu wangu aondoke Mtwara siku moja kabla ya mtihani.

Ujumbe wake hauishi. Aingie na saa ya mkononi? Hapana, hairuhusiwi. Aje na kitambulisho cha taifa? Aje na pasipoti ileile aliyojiandikishia, yenyewe, siyo kopi. Afanye karatasi mbili za mwisho ndani ya basi? Afunge vitabu, alale.

Kisha likaja swali lenyewe: mtahini akiuliza jambo asilolielewa, afanye nini? Nikamwandikia kwamba kuomba swali lirudiwe si kosa, na ni bora mara mia kuliko kujibu "Yes". Akaniandikia: "Can you repeat the question, please?" Nikamwambia kuandika hakunisaidii, nitumie sauti. Ikaja ya kwanza, haraka haraka. Nikamwambia tena, taratibu. Ya tatu ilikuwa safi, na nyuma yake mama yake anasikika akiuliza huyo mwalimu analala saa ngapi.