Listi ya Nani?

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Matendo ya Mitume sura ya 6, aya ya 1 hadi ya 6, na nisiwafiche, hiyo sura nimeisoma mara nyingi nikikimbilia kwa Stefano manake huko ndiko kwenye moto, zile aya za mwanzo za chakula na wajane nilikuwa naziruka tu kama matangazo ya kanisani.

Wengi wenu mwajua feloshipu yetu ya wanafunzi ina mradi wa chakula, mara moja kwa mwezi Jumamosi tunavuka feri hapa Mombasa kwenda Likoni na unga, maharagwe, sabuni na sodo za wasichana wa shule. Ulianza kwa kuchanga hamsini hamsini baada ya ibada. Mwaka jana nikachaguliwa mwenyekiti, na hicho cheo nilikipenda jamani, nilikipenda kupita kiasi. Nikaitoa listi kwenye daftari nikaiweka kwenye laptopu, nikaipigia mistari, nikaprinti, majina 40, kila jina na kisanduku chake cha kutia tiki. Nilikuwa naiangalia ile karatasi kama mtu anavyoangalia picha yake mwenyewe.

Sasa siku yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi tuko sokoni Kongowea, tukanunua gunia la maharagwe la kilo 90, tukawa tunapima gorogoro moja, lile kopo la kama kilo mbili, kwa kila nyumba (na mifuko nayo ilikula pesa, manake tangu ile ya nailoni ipigwe marufuku Agosti 2017 mfuko wenyewe ni bajeti), tukashuka feri na mizigo, tukafika, tukaimba wimbo mmoja, tukaanza kuita majina. Chini ya mwarobaini alikuwa amesimama nyanya mmoja, leso kichwani, mkono kiunoni, hasemi kitu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, hivi vitu mwawagawia kina nani?"

Nikamwambia, nyanya, sisi twafuata listi.

"Na hiyo listi kaiandika nani? Kwani sie hatuli?"

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye karatasi mkononi. Nikamwambia mwezi ujao tutaona. Tukamaliza majina yote 40 na zikabaki gorogoro tano za maharagwe. Tukarudi nazo. Yaani nilivuka feri na gorogoro tano mgongoni na yule nyanya nimemwacha pale pale chini ya mti, kisa na maana hayuko kwenye listi.

Ndani ya feri ndio nikaitoa ile karatasi nikaanza kuisoma kama mtu mwengine. Hakukuwa na Mishi hata mmoja. Hakukuwa na Mwanakombo. Hayo majina ya kina mama wa Kiislamu wa Pwani hayakuwepo, na hapo ni Likoni! Listi ilikuwa imetolewa na ndugu yetu mmoja anayekaa kule, mtu mzuri sana, aliandika nyumba anazozijua, na anazozijua ni za watu wa kanisani kwake na wa bara kama yeye. Hakumnyima mtu. Hakuwaona tu, na mimi niliyeipigia mistari sikuwaona pia.

Sasa rudi Yerusalemu. Wajane wa Wayahudi waliokuwa wakisema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Biblia haisemi kuna mtu alikaa chini akapanga wafe njaa, mimi naona ni yale yale, mgao ulikuwa mikononi mwa watu wasiozijua hizo nyumba. Halafu angalia wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Majina yote hayo ni ya Kiyunani! Hawakusema basi tuwaongeze mmoja wenu kwenye kamati mtulie, waliwaachia kazi yenyewe. Na sharti halikuwa kujua hesabu, ilitakiwa wawe watu wa sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakaombewa na kuwekewa mikono, ati kwa ajili ya kugawa chakula. Sisi tunawawekea mikono waimbaji na wahubiri. Nani amewahi kuona mtu wa gorogoro akiitwa madhabahuni?

Kwenye grupu mmoja akasema tumpelekee yule nyanya mfuko mmoja yaishe. Na mimi nilikuwa tayari, manake hiyo ingenibakishia listi yangu. Nilikuwa nimeshaandika meseji ndefu ya kujitetea, nikaifuta, nikaiandika tena, nikaifuta. Mwisho tukaenda kukaa na kina mama wa chama cha pale mtaani, Waislamu na Wakristo pamoja, tukawapa daftari tupu na kalamu tukawaambia andikeni nyinyi. Nilinuna wiki mbili nzima wapendwa. Nilikuwa naomba kila asubuhi "Mungu nitumie", kumbe nilimaanisha Mungu niweke mbele.

Na kuna lingine limenitoka kwa sababu ya hilo. Michango ilikuwa inaingia kwenye laini yangu, M-Pesa yangu, peke yangu. Siku moja nilitoa mia tatu ya mradi nikala na kupanda matatu, nikairudisha baada ya siku tatu, hakuna aliyejua. Paulo alipokuwa anashughulikia mchango wa watakatifu, 2 Wakorintho 8, alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya ile pesa. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mimi wa mia tatu ni nani? Sasa pesa zinasomwa na watu wawili na mmoja wao si rafiki yangu.

Jumamosi hii tunavuka tena. Gunia ni lile lile la kilo 90 lakini majina sasa ni 54, kwa hivyo gorogoro haijai, na dada mmoja wa wale 40 wa kwanza ameshanipigia kuniuliza mbona tumewapunguzia. Bado sijapata la kumjibu. Niombeeni.

Yule nyanya siku ile sikumuuliza jina. Nimelijua juzi kwenye daftari, mstari wa tatu, kwa mwandiko usio wangu.