Aliyemfungulia mwizi mlango ni mimi

Kwa miaka mingi nilijiona askari wa kompyuta ya nyumbani kwetu. Ungeniuliza itakuja kuharibiwa na nani, ningekujibu papo hapo: watoto, na michezo yao wanayopakua ovyo. Mwanangu wa pili nilimnunia siku tatu nzima kwa sababu aliweka programu ya kubadilisha rangi ya kishale cha kipanya. (Mpaka leo sijaelewa kishale kinahitaji rangi za nini.) Nyani haoni kundule.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na siku ile nilikuwa nikingoja ankara iliyorekebishwa kutoka kwa mteja. Saa tano na kitu usiku barua pepe ikaingia. "Ankara mpya, samahani kwa usumbufu." Kiambatisho kilikuwa folda iliyobanwa, na ndani yake faili moja lenye kile kialama chekundu cha PDF. Nikalibofya. Kompyuta ikauliza kama ninairuhusu programu hii ifanye mabadiliko. Nikajibu Ndiyo, kwa sababu nilikuwa na usingizi, na swali lile nimeshaulizwa mara mia na mara zote mia nimejibu Ndiyo.

Sasa, PDF haina haja ya ruhusa ya kubadilisha kompyuta. Ni karatasi ya kusoma tu. Faili lile jina lake kamili liliishia .pdf.exe, na .exe ni mkia wa programu, ila Windows huficha mkia wa mwisho wa majina ya mafaili inayoyafahamu, mpaka wewe mwenyewe uiambie isifiche. Mimi niliona .pdf nikaridhika. Kile kialama chekundu nacho hakina maana yoyote. Mtengeneza programu huivisha picha aipendayo. Siku hizi mikia yote inaonekana kwangu. Ni kuweka tiki moja kwenye menyu ya mwonekano wa mafaili, na inaniuma kwamba ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Asubuhi kila hati ilikuwa imeota mkia mpya wa herufi zisizosomeka, na kwenye skrini kuna ujumbe: mafaili yamefungwa, lipa kwa bitcoin, una saa 72. Moyo ulishtuka kidogo tu, maana nilikuwa na nakala kwenye diski ya nje. Nikaigeukia. Ilikuwa imechomekwa palepale, kama ilivyochomekwa usiku na mchana tangu niinunue. Nayo ilikuwa imefungwa yote. Programu za namna ile hazibagui cha ndani na cha nje. Zinapita popote zinapoweza kuandika.

"Mama, ulibofya nini?" akauliza yuleyule wa kishale. Nikamtuma akalete chaja ambayo sikuihitaji.

Sikulipa. Unayemlipa ni mwizi, na risiti yake ni neno lake. Nilifuta kompyuta yote nikaanza upya. Kilichoniokoa ni flashi niliyoisahau kwenye droo, yenye kazi zangu mpaka miezi minne kabla ya siku ile. Hiyo minne imekwenda, pamoja na faharasa ya istilahi niliyokuwa nikiijenga neno kwa neno.

Kilichobadilika zaidi ni akaunti. Zamani sote tuliingia kwa akaunti moja, ya msimamizi, yenye mamlaka yote. Sasa kila mtu ana akaunti ya kawaida, mimi nikiwemo, na nywila ya msimamizi imeandikwa kwenye daftari lililo chumba kingine. Programu ikitaka kuingia, haiulizi tena Ndiyo au Hapana, inadai nywila, sharti niinuke. Katika hatua zile ishirini usingizi unatoka na akili inarudi. Watoto wanasema ulinzi wetu ni uvivu wa Mama, na sijapata hoja ya kuwapinga.

Lakini nisikudanganye: akaunti ya kawaida isingeziokoa hati zangu. Programu inayofanya kazi kwa jina lako inafikia kila faili unaloweza kulifungua wewe. Ndiyo maana diski sasa zipo mbili. Nachomeka moja kila Ijumaa, nanakili, nachomoa, naiweka mbali. Ijumaa inayofuata ni zamu ya mwenzake. Na mara mojamoja nafungua hati chache kutoka humo kuhakikisha zinafunguka.

Masasisho nilikuwa nayaahirisha kila jioni, "nikumbushe kesho". Kisha nikasoma habari za WannaCry, programu nyingine ya kufunga mafaili, ile iliyozunguka dunia kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hata hospitali za Uingereza. Hiyo haikungoja mtu abofye kitu. Ilijipenyeza yenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia ufa wa Windows. Na kiraka cha ufa huo Microsoft ilikuwa imeshakitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Sasa naacha kompyuta ijiwashe upya inapotaka, hata ikinikatiza.

Programu ya kuua virusi sikununua. Ninatumia Defender inayokuja na Windows, na inanitosha. Nywila nimezikabidhi kwa programu ya kuzitunza, kila akaunti na yake, na barua pepe nimeiongezea uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuifungua, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila kitu kingine. Ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti, nayo nimeiondolea nywila iliyotoka nayo kiwandani.

Ile diski iliyofungwa sijaitupa. Kuna tovuti inayoitwa No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, ambako funguo zinazopatikana hutolewa bure. Unapakia faili moja lililofungwa, inakuambia kama ufunguo wake upo. Huwa napita pale kila baada ya miezi michache. Jumapili nilipita tena, nikapakia faili la faharasa yangu. Ufunguo bado haupo. Nikairudisha diski kwenye droo, karibu na flashi.